Kapasita ya Mjomba

Tarehe 3 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Nadhani barua hii inakukuta kwenye kile kiti chako cha kukunja, miwani imeshuka puani, unamgombeza mtu ambaye huwezi kusikia anavyokujibu. Sisi huku tupo. Mama anaendelea vizuri. Mkono wa kushoto bado mzito tangu kile kiharusi, ila mdomo umerudi wote, na juzi alimsahihisha daktari matamshi mbele ya wauguzi. Mimi niko palepale mahakamani, kutwa napiga chapa maneno ya watu wanaokana. Wasalimie wanao pacha. Mkaza mjomba mwambie gauni lilifika, na linanitosha nikibana pumzi.

Nina shida ya ufundi. Kuna kanda za zamani za mama, za enzi zake redioni, na nataka kuzisikiliza kabla hazijaoza. Sauti zake hazilingani. Kelele zikija zinapasua masikio. Nikipunguza, maneno ya chinichini yanapotea. Nikiongeza, kelele zinarudi kunipiga kofi. Fundi wa studio moja aliniambia ninachohitaji ni kompresa. Nikaenda dukani kuomba kompresa, wakanionyesha ya friji. Nilicheka njia nzima, halafu nikakukumbuka wewe. Miaka thelathini fundi mitambo, utashindwa kunichorea kitu cha namna hiyo nikakijenga mwenyewe mezani? Solda ninayo, na mkono wangu hautetemeki. Najua masikio yamekugomea, ndiyo maana naandika, sipigi simu. Wewe fikiri, mimi nitasikiliza.

Mpwa wako


Tarehe 19 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba mama, marahaba sana. Barua yako imenitoa kitini. Tangu nistaafu hakuna aliyeniuliza jambo la maana kuliko "umekula?", na hilo wananiandikia kwenye kikaratasi. Hapa kwetu wazima. Pacha mmoja kapata kazi, mwingine kapata mchumba, sijui yupi nimpe pole. Mkaza mjomba wako anasema acha kubana pumzi, fumua mshono.

Dada hajambo? Mwambie mdogo wake anamwamkia.

Mchoro uko kwenye karatasi ya pili. Usiuogope. Kazi ya kompresa ni moja tu: mwenye kelele anakandamizwa, mnyonge ananyanyuliwa. Tafuta kijibomba cheusi, hata kifuniko cha kalamu nene kinafaa. Upande mmoja weka taa ndogo nyekundu, zile za kuonyeshea kwamba redio imewaka. Upande wa pili weka rezista inayoona mwanga. Sauti ikipanda, taa inawaka. Rezista ikiona mwanga, inaimwaga sauti ardhini. Sauti ikishuka, taa inazima na sauti inarudi juu. Mimi kiziwi ninayo moja hapa mezani bila kifuniko. Naiangalia taa inavyoruka, najua kama redio ya mkaza mjomba wako inaimba au inahubiri.

Cha kuangalia sana ni hiyo kapasita niliyoizungushia duara. Kapasita ni pipa la umeme. Weka ndogo, ya maikrofaradi kumi. Pipa dogo linajaa upesi na kumwagika upesi, na taa inazima palepale kelele inapokwisha. Ukiweka kubwa, taa itaendelea kuwaka wakati mwenye kelele ameshaondoka, na mnyonge atakandamizwa kwa kosa lisilo lake. Nilikuwa nawaambia wanafunzi wangu maneno hayohayo kila mwaka, na kila mwaka walikuwapo waliosinzia.

Jenga, kisha niandikie unachosikia. Usiniambie "haifanyi kazi". Niambie inafanya nini.

Mjomba wako


Tarehe 16 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Salamu nimezifikisha. Mama aliuliza kama bado unaandika herufi zimeegemea kulia kama zinakimbizwa, nikamwonyesha bahasha, akasema naam, ni yeye. Amepata gongo jipya na tayari amelivunja, halafu anasema lilikuwa bovu. Mshono nimefumua.

Nimeijenga. Imekaa ndani ya kopo la biskuti, na umeme inaupata kwenye ile adapta ya dukani. Lakini ina ugonjwa wa ajabu. Asubuhi inafanya kazi. Ikifika saa sita sauti zote zinazama. Nikiinama juu yake kutafuta kosa, inapona. Nikiinuka, inaugua tena. Nimeinama na kuinuka mara kumi, mama ananitazama kutoka kwenye kiti chake, mwisho akaniuliza kama nimebadili dini.

Na hata asubuhi ikiwa nzima, kuna mngurumo chini yake, mmm usiokatika.

Mpwa wako


Tarehe 28 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimecheka mpaka mkaza mjomba wako akaja mbio, akidhani nimepaliwa. Mama, ni jua! Kifuniko chako hakijaziba. Dirisha likipata jua la mchana, mwanga unaingia kwenye kijibomba, rezista inadhani taa imewaka, inamwaga sauti yote. Ukiinama, kivuli chako kinaitibu. Zungushia mkanda mweusi wa mafundi umeme, mara nne, na ncha zake zote mbili uzibe.

Huo mngurumo tutautafuta baadaye. Nieleze kwanza hizo kanda zina nini. Kelele ni za aina gani, za muziki au za watu? Kila sauti ina dawa yake. Ungejua raha ninayoipata kuulizwa, ungeharibu kitu kila wiki.

Mjomba wako


Tarehe 11 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima, mama anakohoa kidogo. Mkanda umemaliza ugonjwa wa jua, ahsante sana.

Umeuliza kanda zina nini, nami sikukuambia ukweli wote mwanzoni. Kanda ni moja. Ni ile ya tarehe 14 Oktoba, miaka thelathini na moja iliyopita. Stoo ya kituo ilipokuwa inasafishwa, mtunza kanda wa zamani, yule mzee mfupi wa makoti, alimletea mama. Mama hakuigusa, akaniambia niitupe. Sikuitupa.

Nilikuwa na miaka minane. Nakumbuka alirudi saa nne asubuhi, mtu ambaye harudi kabla ya saa nane, akakaa kitandani na mkoba begani. Nchi nzima ilikuwa imemsikia akimsema mkurugenzi hewani, palepale kabla ya taarifa ya habari. Tume ikaandika kwamba aliacha swichi ya maikrofoni wazi, naye akatia sahihi. Picha yake ikatolewa ukutani kwenye ukumbi wa kituo. Sauti ile ambayo watu walizima majiko ili waisikilize, ikamalizia kazi kwenye stesheni ya reli, kutangaza treni zilizochelewa. Shuleni mimi nikawa mtoto wa Mama Swichi. Nikiwa na miaka kumi na mitano nilimwambia mbele ya wageni kwamba mtu mwenye akili zake hasahau swichi. Sijawahi kumwomba radhi, na kila nikimfunga vifungo vya gauni nalikumbuka neno hilo.

Sasa sikiliza. Kengele ya taarifa inapiga mapigo sita, makali kweli. Kati ya pigo na pigo kuna watu wanaongea. Wako wawili. Kwa mkono siwezi kuwahi kupandisha na kushusha sauti, mapigo yako karibu mno. Kompresa inawanyanyua, nawasikia wakija, halafu ule mngurumo unawafunika. Je, yaweza kuwa ni adapta? Uliona siku ile, ulikuwa kwenye mitambo wewe mwenyewe. Nataka kujua mama alisema nini kabla ya lile neno. Nataka kumwomba radhi nikijua naomba kwa lipi.

Mpwa wako


Tarehe 2 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Usihesabu siku, nilikuwa na mambo. Mvua ilibomoa ukuta wa choo na fundi akatukimbia kazi ikiwa nusu. Yule pacha wa mchumba sasa hana mchumba. Mkaza mjomba wako alikwenda kwa dada yake wiki mbili, nikabaki napika mwenyewe na kuunguza, maana siwezi kusikia sufuria ikiungua. Jirani naye amenunua mbwa. Mwingine kahama. Kuna baridi mwaka huu kuliko mwaka jana. Mguu wangu wa kulia unauma nikipanda ngazi, ila nikishuka hauumi.

Kuhusu kompresa. Adapta haina kosa, iache. Nimefikiri upya juu ya ile kapasita. Kanda ya zamani namna hiyo inataka upole. Toa ile ya kumi, weka ya elfu moja. Mngurumo utatulia.

Kanda za zamani zina sauti nyingi ambazo si sauti za mtu. Masikio yanajitengenezea maneno. Usimchoshe dada kwa mambo haya.

Mjomba wako


Tarehe 15 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Poleni na ukuta, na mguu, na mbwa. Mama kikohozi kimekwisha.

Nimeweka ya elfu moja kama ulivyoagiza. Mngurumo uko palepale. Na sasa kengele ikipiga pigo la kwanza, kila kitu kinazama na hakirudi. Nimefungua mkanda nikachungulia: taa inabaki inawaka, nimehesabu mpaka kumi na moja ndipo inaanza kufifia. Wakati huo mapigo yote sita yamekwisha na wale watu wawili wameshamaliza kuongea. Nimekosea wapi? Nimepima kila waya mara mbili, viungo vyote vizima. Nimeuchora mchoro wako upya kwa kumbukumbu kuona kama nimeuelewa. Nijibu upesi safari hii.

Mpwa wako


Tarehe 4 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Hujakosea popote. Ndivyo inavyotakiwa kuwa. Kanda imekufa, basi, na kanda iliyokufa hata kituo kizima hakiwezi kuifufua. Umejifunza kuchomelea, hilo ni faida. Sasa itupe kama dada alivyosema, ujenge kitu cha kukufurahisha. Nitakuchorea kengele ya mlango.

Mjomba wako


Tarehe 21 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Kwetu wazima, namshukuru Mungu.

Jumamosi mchana umeme ulikatika mtaa mzima. Nikachomoa adapta, nikatia betri kwenye kopo langu la biskuti, na nyingine kwenye redio kaseti, nikavaa zile spika za masikioni. Mngurumo haukuwapo. Hata chembe. Ilikuwa adapta, mjomba. Nilikuuliza kama ni adapta, ukanijibu iache.

Hapo nikaenda kabatini nikatoa barua zako, nikazipanga mezani kwa tarehe, kama tunavyofanya mahakamani shahidi anapobadili maneno. Ya tarehe 19 Februari inasema weka ndogo. Ukiweka kubwa, mnyonge atakandamizwa kwa kosa lisilo lake. Maneno yako hayo, na umeyapigia mstari. Ya tarehe 2 Juni inasema weka kubwa. Katikati yake iko barua yangu ya Aprili, niliyokuambia kanda ni ya siku gani. Nilizisoma mara nyingi. Nilitaka sana ziwe na maana nyingine.

Nikarudisha ya kumi. Hiki ndicho nilichosikia, nimekipiga chapa kama ninavyopiga kazi ya ofisi:

Pigo la kwanza.
SAUTI YA KIKE: Kidole, umefunga?
Pigo la pili.
SAUTI YA KIUME (kwa mbali, kwenye spika ya ndani): Nimefunga, dada. Sema tu.
Pigo la tatu.
SAUTI YA KIUME: Hawakusikii, nimefunga. (Anacheka.)
Pigo la nne, la tano, la sita.
SAUTI YA KIKE (kubwa, wazi): Basi leo nasoma tena uongo wa mkurugenzi. Ati barabara imekwisha kujengwa, na mimi nimepita hapo asubuhi hii viatu mkononi, matope mpaka magotini!

Hayo ya mwisho ndiyo nchi nzima iliyoyasikia. Yale ya kati ya kengele yalifunikwa na mapigo, hakuna aliyeyasikia mpaka Jumamosi, isipokuwa watu wawili.

Kidole ni jina ambalo mama alikupa ulipokuwa mtoto, kwa sababu kila redio ilikuwa lazima uichokonoe. Sijamsikia mwingine akiitwa hivyo. Ulimwambia umefunga. Kisha ukaenda mbele ya tume.

Andika, mjomba. Safari hii sitaki habari za ukuta.

Mpwa wako


Tarehe 9 Agosti

Mpwa wangu,

Nilikuwa na miezi miwili kazini. Dada ndiye aliyeniombea nafasi ile, alikwenda kwa mkurugenzi huyohuyo mara tatu. Swichi zilikuwa mbili, zinafanana, moja ya studio ya kwanza na moja ya studio ya pili. Ya kwanza ilikuwa na kipande cha mkanda wa bluu ili tuijue, na wiki ile mkanda ulikuwa umebanduka. Nilifunga studio ya pili, iliyokuwa tupu. Hilo ndilo kosa lenyewe. Naapa kwa kila ninachokipenda, sikukusudia.

Kesho yake waliniita. Watu watano, meza ndefu, dada amekaa mwisho wake, na jagi la maji ambalo hakuna aliyeligusa. Mkurugenzi akaniuliza, nani alifungua maikrofoni? Mdomo wangu ukasema: yeye, anayo swichi mezani pake. Nilidhani atabisha. Nilikuwa namsubiri abishe, mpwa wangu, nikasema moyoni, akibisha tu nitakubali. Alinitazama, akavuta ile karatasi na kutia sahihi. Baada ya hapo kila mwaka ulipokwisha ilikuwa vigumu zaidi kusema kuliko mwaka uliotangulia. Nikapandishwa cheo. Nikawa nawafundisha wengine. Mwanafunzi wangu wa kwanza nilimfundisha kubandika mkanda wa bluu.

Kuhusu kapasita sina la kusema.

Hiyo kanda unayo wewe tu, au kuna nakala?

Mjomba wako


Tarehe 30 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Naanza na salamu kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, na aliyenilea unamjua.

Nilimsikilizisha. Nilimvalisha spika za masikioni nikakaa chini mbele yake. Aliposikia sauti yako akafumba macho, akaniambia nirudishe. Nikarudisha. Akasema, "Alikuwa na sauti nzuri, yule. Angeweza kutangaza." Nikamuuliza, mama, ulijua? Akaniambia, "Alikuwa ng'ambo ya kioo, hatua tatu kutoka kwangu. Nilimwona kidole chake kinakwenda wapi, nikadhani swichi zimebadilishwa. Unadhani sikujua?" Nikamuuliza, sasa kwa nini ulitia sahihi? Akasema: "Wangemfukuza mmoja au wawili. Nikamwachia nafasi yangu kidogo, nikijua akitulia atasema mwenyewe. Nilimpa wiki moja."

Wiki moja, mjomba. Alikuwa anakungoja wiki moja tu, na wewe ulikuwa unamngoja yeye abishe.

Nimemwomba radhi kwa lile neno langu. Akasema halikumbuki, na najua analikumbuka. Nililia kama mtoto kwenye magoti yake, na yeye ananipigapiga kwa mkono ule mzito.

Barua yako ya Agosti nilitaka kumsomea. Amekataa. Amesema, "Barua si mdomo. Anajua nilipo."

Jumatatu nilikwenda kazini nikaacha mashine mezani. Niliporudi nilimkuta kwenye kiti, maikrofoni ya redio kaseti iko mapajani, ametulia kama mtu aliyemaliza zamu. Nikamuuliza, umefanya nini? Akasema, "Kazi yangu. Nimetangaza." Alikuwa amebonyeza vitufe viwili vya kurekodi, nilivyomfundisha mwenyewe ili ajirekodi akisoma magazeti. Amerekodi juu ya kanda ile. Kengele hazipo. Wewe hupo. Umeuliza kama kuna nakala: hakuna. Mimi ninayepiga kila ushahidi nakala tatu, huu sikuunakili hata mara moja, niliona itakuwa kama namfanyia mama biashara. Nimemfokea, Mungu anisamehe. Nimemwambia miezi saba yangu imekwenda, na jina lake limekwenda mara ya pili. Akanijibu, "Jina ni langu."

Kwa hiyo lala salama. Kanda ya kukushtaki haipo tena. Dada yako amekufungia swichi, na safari hii amefunga kweli.

Lakini hakuiacha tupu. Nimeisikiliza kupitia kompresa yako, na inafanya kazi vizuri, hata pumzi zake nazisikia. Anaanza hivi: "Kidole. Swichi iko wazi. Safari hii najua iko wazi." Kisha anaongea nawe dakika nne. Sikukusudia kusikiliza mpaka mwisho ila nilisikiliza.

Maneno hayo ni yako. Sitayapiga chapa. Masikio yako hayawezi kuyapata, kwa hiyo iko njia moja tu. Njoo, ukae mbele yake, useme ulichoniandikia mimi, naye atakuambia aliyoyasema humo, nami nitakaa pembeni nikuandikie kila neno mkononi mwako. Hili sikukuandikia: daktari hakumpa mama muda mrefu. Basi linatoka kwenu kila asubuhi isipokuwa Jumapili.

Kosa la swichi nimekusamehe. Ulikuwa kijana, mkanda ulibanduka, ulitishika. Kosa la kapasita siwezi. Hapo ulikuwa mtu mzima, umekaa kwenye kiti chako, hakuna tume wala mkurugenzi, na mkono wako haukutetemeka.

Mpwa wako


Tarehe 17 Septemba

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua imefika. Mguu bado unasumbua na safari ni ndefu, tena kwa kiziwi stendi ni hatari. Mkaza mjomba wako naye hajui habari hizi na nisingependa azijue kwa sasa. Labda mwakani hali ikitulia.

Nakuomba kitu kimoja. Hayo aliyosema dada kwenye kanda, yaandike tu, unitumie kwa barua. Hata kwa kifupi. Hata kama ni mabaya. Sijalala tangu nilipoisoma barua yako. Wewe ni mwepesi wa kupiga chapa, haitakuchukua hata nusu saa.

Mjomba wako


Tarehe 2 Oktoba

Mjomba,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo. Mama anaendelea, jana ametembea mpaka mlangoni na kurudi. Gongo la pili bado zima. Gauni linanitosha. Mvua zimeanza na paa halivuji. Basi la kutoka kwenu hupita mbele ya nyumba yetu saa tisa alasiri, na mama siku hizi ameomba kiti chake kigeuzwe kielekee dirishani. Wasalimie pacha, na mkaza mjomba.

Mpwa wako